Maswali Yenu kwa Anti: Glenda Jackson, bibi aliyeacha muvi akawa mbunge, alafu akarudi jukwaani na miaka 80

Wapenzi wasomaji, mi sikupanga kumwandika huyu mama wiki hii. Toleo lililopita niliweka kapicha kake kadogo pembeni nikaandika mstari mmoja tu kwamba kati ya waigizaji wote wa Uingereza niliowahi kuwaona huyu ndo wangu, basi, meseji zikaanza kumiminika, nusu yenu mnauliza ni nani, nusu mmenuna mnasema mbona sio Judi Dench, mbona sio Maggie Smith. Nimechagua maswali machache na mengine nimeyafupisha (kuna mtu kaandika kurasa nne jamani, na swali lenyewe liko mstari wa mwisho).

*

Shikamoo Anti. Juzi mi na mume wangu tumeangalia muvi inaitwa The Great Escaper, ile ya mzee Michael Caine anatoroka nyumba ya wazee anaenda Ufaransa. Yule bibi aliyeigiza mke wake katutoa machozi wote, mpaka mume wangu kajifanya anaenda kuzima jiko. Sasa shemeji anasema yule bibi alikuwa mbunge kabisa wa Uingereza, mi nikambishia, tukawekeana kreti ya soda. Nani kashinda? – Mama wa Kihonda, Morogoro

Marahaba mwanangu. Soda andaa, shemeji kashinda na nusu.

Yule ni Glenda Jackson. Kazaliwa tarehe 9 Mei 1936 Birkenhead, ng'ambo ya mto ukitokea Liverpool, baba yake fundi mwashi, mama yake kafanya kila kazi, kauza duka, kauza baa, kafagia nyumba za watu, na Glenda ndo wa kwanza kati ya mabinti wanne. Kafariki tarehe 15 Juni 2023 akiwa na miaka 87, na hiyo muvi mliyoangalia ilitoka kwenye majumba ya sinema baada ya yeye kuondoka, Oktoba mwaka huo huo. Kwa hiyo mlikuwa mnamwaga machozi kwa mtu ambaye tayari hayupo, labda ndo maana ilikolea.

Kitu ambacho shemeji hakukwambia ni kwamba yule Michael Caine kashawahi kuwa mume wake kwenye muvi nyingine, The Romantic Englishwoman ya mwaka 1975. Hesabu mwenyewe, karibu miaka 48 katikati. Kwa hiyo ukiona wale wazee wanatazamana kwa ile namna ya watu waliochokana na wakazoeana, sio dairekta kawafundisha, ni watu waliofahamiana wakiwa na meno yao yote. Na katikati ya hizo muvi mbili mama wa watu kakaa bungeni miaka 23, kaanzia 1992 mpaka 2015, bila kuigiza. Hakuwa mbunge wa heshima wala wa kuteuliwa, ni wa kupigiwa kura, jimbo la London kaskazini, na alikuwa naibu waziri pia. Wakati anaingia bungeni tayari ana Oscar mbili.

Nitalirudia hilo la ubunge chini maana mmeliuliza wengi.

*

Mambo Anti. Nasoma sanaa za maonyesho mwaka wa pili. Kuna mwalimu aliniambia mbele ya darasa sura yangu ni ya mama mkwe, nisubiri nizeeke ndo nitapata kazi. Nililia siku nzima. Alafu nikasikia hata Glenda Jackson aliambiwa hivo hivo chuoni, ni kweli au wananifariji tu? – Mwanafunzi, Dar

Poa mdogo wangu. Ni kweli kabisa, na hawakufariji.

Sikiliza ilivokuwa. Glenda aliacha shule na miaka 16, akaajiriwa kwenye duka la dawa la Boots, akakaa miaka miwili nyuma ya kaunta anauza dawa za mafua na sabuni, anachukia kila saa ya siku. Jioni akaanza kwenda kwenye kikundi cha maigizo cha mtaani, cha watu wa kawaida tu wanaojifurahisha baada ya kazi, na hapo ndo ikaja fikra ya kuomba RADA, kile chuo kikubwa cha uigizaji London. Akapata nafasi na ufadhili, akaingia 1954. Hakuwa na hela, hakuwa na lafudhi ya watu wa London, hakuwa na sura ile ya kwenye mabango ya miaka hiyo. Anakaribia kumaliza, mkuu wa chuo akamwambia usitegemee kupata kazi za maana kabla hujafika miaka 40, kwa sababu wewe ni mwigizaji wa wahusika wa pembeni, sio wa staa.

Na kwa miaka kadhaa ilionekana kama yule mkuu yuko sahihi. Alizunguka kwenye majumba madogo ya tamthilia mikoani, na hii kazi ya mikoani nataka uielewe maana ndo iliyomtengeneza: usiku mnaigiza mchezo mmoja, mchana mnafanya mazoezi ya mchezo wa wiki ijayo, na kichwani bado una maneno ya mchezo wa wiki iliyopita, hakuna muda wa kusema leo sijisikii. Kazi zikikatika anahudumu kwenye mgahawa, anakaa mapokezi kwenye ofisi ya mtu, anauza duka. Kampuni kubwa ya Royal Shakespeare walimkataa kwenye odisheni kabla ya kumchukua.

Mabadiliko yalikuja 1964. Dairekta Peter Brook alikuwa anakusanya kikundi cha majaribio, anatafuta waigizaji wasioogopa kuonekana vibaya, na hapo Glenda akajikuta nyumbani kwake. Kutoka kwenye hicho kikundi ikaja tamthilia ya Marat/Sade, inayotokea ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili, yeye akawa mgonjwa anayeigiza muuaji, na kuna sehemu anampiga mwanaume mgongoni kwa nywele zake kama mjeledi. Nywele tu. Watu walitoka ukumbini wamekauka midomo. Ikaenda London, ikaenda New York, ikawa filamu 1967.

Hapo ana miaka 28 mpaka 30. Oscar ya kwanza kaipata na miaka 34. Kwa hiyo mkuu wa chuo alikosea hesabu kwa miaka sita, lakini ngoja nikwambie kitu cha kuudhi kidogo, hakukosea yote, kwa sababu kazi ambazo mimi naziona kubwa kuliko zote za huyu mama kazifanya baada ya miaka 80. Sura ya mama mkwe ni mtaji. Mwalimu wako kakosea kuisema mbele ya darasa, lakini sura yenyewe usiikatae.

*

Anti, kwanini hakwenda kuchukua Oscar zake? Aliringa? – Msomaji, Arusha

Mbili zote hakwenda. Ya kwanza, ya filamu Women in Love, ilitolewa Aprili 1971, mwigizaji mwenzake Juliet Mills akampokelea. Ya pili, ya A Touch of Class, Aprili 1974, akapokea dairekta wa filamu, Melvin Frank. Kuringa sijui niseme nini, miaka yote alikuwa anasema tuzo ni zuri ukipewa lakini haikufanyi uigize vizuri zaidi kesho yake.

Ila jinsi alivopata hiyo ya pili ndo utamu wenyewe. Mwaka 1971 kulikuwa na wachekeshaji wawili wa televisheni, Morecambe na Wise, Uingereza nzima ilikuwa inakaa sebuleni kuwaangalia. Wakamwalika Glenda, huyu mwenye sifa ya tamthilia nzito za watu kufa na kurukwa akili, wakamvalisha Cleopatra wakampa maneno ya kijinga yenye kiingereza kibovu makusudi, na yeye akayasema kwa sauti ile ile ya Shakespeare, uso mkavu, hacheki hata nukta. Watu wakavunjika mbavu. Melvin Frank akamwona kwenye hicho kipindi, akajiuliza kumbe huyu anaweza vichekesho, akampa A Touch of Class, muvi nyepesi ya mapenzi ya wizi, na ikamletea Oscar. Inasimuliwa wale wachekeshaji wakamtumia telegramu kwamba akae nao karibu watamtafutia nyingine.

Watu wanasahau hilo. Wanamkumbuka kwa ukali tu.

*

Habari Anti. Mimi ni mpenzi wa hadithi za wafalme na malkia, nimeangalia tamthilia ya zamani Elizabeth R. Naomba kujua kile kipara cha mbele ni cha kweli au walimbandika? – Baba Wawili, Tanga

Nzuri baba. Cha kweli. Alinyoa nywele za mbele mwenyewe, wembe ukapita, akasogeza paji la uso mpaka juu kama malkia mwenyewe kwenye zile picha za kuchorwa. Na miezi yote hiyo akaishi hivo mtaani, na ana mtoto mdogo nyumbani.

Elizabeth R, tamthilia ya Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, ilitoka BBC mwaka 1971, sehemu sita, kila moja kama muvi nzima, saa moja na nusu hivi. Anaanza binti mdogo anayeogopa kukatwa kichwa na dada yake, anaishia bikizee wa miaka 69 aliyepakwa poda nyeupe kama ukuta uliopigwa chokaa. Ukitaka kuona uigizaji ni nini angalia sehemu ya kwanza na ya sita siku moja, angalia shingo tu, usiangalie uso. Mwanzoni shingo inageuka haraka haraka kama ya kuku anayesikia mwewe, mwishoni haigeuki kabisa, anawasubiri watu waje mbele yake. Marekani wakampa Emmy mbili, zile tuzo zao za televisheni, kwa hiyo kazi moja, 1972.

Mwaka ule ule akaigiza Elizabeth tena kwenye filamu ya Mary, Queen of Scots, Vanessa Redgrave akiwa Mary, malkia wa Scotland. Kwenye hiyo filamu malkia wawili wanakutana ana kwa ana wanapigana maneno, na ni burudani, lakini baba wewe mpenzi wa historia nakutahadharisha, katika maisha halisi hawakuwahi kukutana hata mara moja, ni barua tu.

*

Anti hapo kwenye ubunge mi sijashawishika. Msanii akishajulikana anapigiwa kura kwa sura. Sisi tumeona, Sugu kaingia bungeni, Profesa Jay kaingia, watu wanaimba nyimbo zao kwenye kampeni. Huyo mama alifanya nini cha maana huko au alienda kupumzika? – Kijana wa Soweto, Mbeya

We kijana una maneno. Hao ndugu uliowataja waache kwanza, wana wapiga kura wao watakujibu, hasa hapo hapo Mbeya kwako.

Kwa Glenda hali ilikuwa kinyume kidogo. Chama cha Labour aliingia na miaka 16, kabla hajajua jukwaa linafananaje, kwa hiyo siasa ndo ilitangulia, sanaa ikafuata. Mwaka 1992 anagombea Hampstead na Highgate jimbo lilikuwa la Conservative, wapinzani wakubwa wa Labour, na mwaka huo Labour walishindwa uchaguzi nchi nzima, yeye akalichukua. Alikuwa anasema wazi kilichomsukuma ni hasira dhidi ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani wa Conservative, na alichoifanyia nchi. Na aliposhinda akafunga duka la uigizaji kabisa, sio kwamba anaigiza likizo ya bunge, hapana, hakuna. Ana miaka 55, wakati ule mwigizaji wa kike ndo anaanza kupewa sehemu za bibi anayeleta chai, labda na hilo lilichangia.

1997 Labour wakaingia madarakani, waziri mkuu Tony Blair akampa unaibu waziri kwenye usafiri, anahangaika na mabasi na treni za chini ya ardhi London. 1999 akaachia ili atafute kuteuliwa kugombea umeya wa London, chama hakikumchagua. Baada ya hapo akarudi viti vya nyuma, kwa wabunge wasio mawaziri, na huko ndo alikuwa mwiba, Blair anataka kuingia vita ya Iraq mwaka 2003, yeye wa chama chake mwenyewe anampinga hadharani. Uchaguzi wa 2010 ulikuwa wa presha, alishinda kwa kura 42. Arobaini na mbili! Hiyo ni daladala moja ya Mwanjelwa ikijaza vizuri. Kwa hiyo suala la kupigiwa kura kwa sura mwanangu, Oscar mbili zingekuwa zinaleta kura zisingebaki 42.

Ila kama utatafuta dakika chache tu za ubunge wake, tafuta tarehe 10 Aprili 2013. Thatcher kafariki, bunge limekaa maalumu kumuaga, kila mtu anasifu, hata wapinzani wanachagua maneno. Glenda akasimama, kwenye nywele hakuna rangi wala nini, akaanza kueleza hospitali za jimboni kwake zilivokuwa zimechakaa miaka ile, shule hazina vitabu, watu wanalala kwenye milango ya maduka London. Wabunge wa upande wa pili wanazomea, yeye sauti inapanda tu bila kupiga kelele. Akamaliza kwa kusema waziri mkuu wa kwanza wa kike, sawa, lakini mwanamke? Kwa vipimo vyangu mimi, hapana. Mbunge mmoja akasimama kulalamika kwa spika, spika akasema hajavunja kanuni yoyote.

Mi mwenyewe sikupenda wakati wake. Kwetu msiba una adabu zake, marehemu hasemwi jeneza likiwa bado ndani. Lakini nikairudia kuiangalia kwa ajili ya kazi, nikagundua hana karatasi ya kusomea kama wenzake, na anapumua pale pale mwigizaji mzuri anapopumua, mwisho wa wazo, sio mwisho wa mstari. Huwezi kuacha kuwa fundi hata ukibadili kazi.

*

Anti yangu, shikamoo. Mwanamke wa miaka 80 kuigiza mfalme, na sio mfalme yeyote ni Lear, huo si utani? Na miaka 25 hajapanda jukwaani, maneno yote yale kayashikaje? – Mwalimu wa fasihi, Zanzibar

Marahaba mwalimu, swali lako ndo lililonifanya nikubali kuandika ukurasa mzima.

Kwa ambao hamjasoma: Lear ni mfalme mzee anayetaka kupumzika, anawaita mabinti zake watatu anawaambia kila mmoja aseme anampenda kiasi gani ili ajue amgawie nchi kiasi gani. Wakubwa wawili wanamwaga asali, mdogo Cordelia anakataa kupaka mafuta, anafukuzwa. Alafu wale wa asali wanamtupa mzee nje kwenye dhoruba, anarukwa akili. Ni Shakespeare yule yule ambaye Mwalimu Nyerere alituletea kwa Kiswahili, Julius Caezar na Mabepari wa Venisi, ila huyu Lear ndo mlima wake, waigizaji wakubwa wanaume wanausubiri maisha yao yote na wengi wakiufikia mgongo umeshagoma.

Glenda kaacha ubunge 2015, kwanza akapasha moto na tamthilia ya redio ya BBC mwaka huo huo, kazi ya hadithi za mwandishi Mfaransa Émile Zola, akiwa bikizee wa zaidi ya miaka 100. Oktoba 2016 akapanda jukwaa la Old Vic pale London akiwa Lear, dairekta Deborah Warner, mchezo zaidi ya masaa matatu. Wazo alisema lilitoka kwa rafiki yake wa Hispania, Núria Espert, mwigizaji na dairekta, aliyekuwa ameigiza Lear mwenyewe kule kwao.

Hakuigiza malkia Lear. Hawakubadilisha neno liwe la kike. Alikuwa mfalme, baba, mwanaume mzee, mwembamba kama kijiti, na baada ya dakika kumi hukumbuki tena swali la mwanamke au mwanaume. Na alipoulizwa na waandishi kuhusu hilo alitoa jibu ambalo mi nadhani ndo ufunguo wa maisha yake yote. Alisema akiwa mbunge sehemu ya kazi ilikuwa kutembelea nyumba za wazee na vituo vyao vya mchana, na huko aliona kitu, kwamba tunavozeeka ile mipaka ya huyu mwanaume huyu mwanamke inaanza kupata nyufa, inafifia. Umeona mwalimu? Watu wote waliandika kapoteza miaka 23. Kumbe alikuwa anakaa kwenye viti vya plastiki na wazee wa Hampstead wenye usahaulifu, wenye hasira, wanaowasubiri watoto wasiokuja, anawasikiliza kwa sababu ni wapiga kura wake. Hakuna chuo cha uigizaji kinachokupa mazoezi ya Lear ya namna hiyo.

Kuhusu sauti na maneno. Mwigizaji wa jukwaa wa enzi yake hakufundishwa maikrofoni, kafundishwa kutoa sauti tumboni mpaka mtu wa kiti cha mwisho juu kabisa asikie mnong'ono. Hiyo ni misuli, na bunge la Uingereza watu wanazomea, kwa hiyo miaka yote 23 ile misuli haikulala. Maneno kayashika kwa njia ya kawaida, kukaa chini na kurudia. Sifa zikaja, tuzo ya Evening Standard akapewa.

2018 akaenda New York, Broadway, kule kwenye majumba makubwa ya tamthilia, mchezo wa Three Tall Women, anaigiza bibi wa miaka 92 ambaye kumbukumbu zinaingia na kutoka, akapata Tony, tuzo kubwa ya jukwaani Marekani. Hiyo ikamfanya awe na Oscar, Emmy na Tony, zote tatu za uigizaji, watu wachache sana duniani wamefika hapo. 2019 akamrudia Lear, sasa Broadway, mchezo mwingine mpya na dairekta mwingine, Sam Gold, na Broadway desturi ni maonyesho manane kwa wiki. Ana miaka 82 kuelekea 83. Mimi nikipanda ngazi za ofisini ghorofa ya tatu nakaa kwanza.

Na kwanini Lear, kwanini asichukue sehemu ya mwanamke? Kwa sababu hazipo. Hilo alilalamikia kwa zaidi ya miaka 40, kwamba waandishi wa tamthilia hawaoni wanawake kama watu wa kuwa injini ya hadithi, mwanamke yupo kwa sababu ya mwanaume fulani. Aliondoka kwenye fani akilalamika, akarudi akakuta hali ni ile ile.

*

Mnamsifia mno. Mimi nimeona mahojiano yake, ni mkali, anajibu waandishi kama anafukuza kuku. – Hakuweka jina

Ni kweli. Alikuwa na ulimi, alivuta sigara kama treni ya zamani, na swali la kijinga hakulivumilia. Waandishi wenzangu wengi wametoka kwenye mahojiano naye wamelowa jasho. Na sio kila kazi yake ni nzuri, kuna muvi za mwishoni mwa miaka ya 70 na mwanzo wa 80 naona kabisa alikuwa analipa bili. Ila mkali sio mwongo, na mimi nikichagua kati ya staa anayetabasamu kwa kila mtu na huyu, namchagua huyu.

*

Anti nianze na ipi? Sipendi vitu vya zamani sana vya picha kukwaruza. – Msomaji wa Doha, Qatar

Basi anzia mwisho rudi nyuma. Elizabeth Is Missing, BBC, Desemba 2019. Anaigiza Maud, bibi mwenye ugonjwa wa kusahau ambaye rafiki yake kapotea na hakuna anayemsikiliza, anaandika vikaratasi anavitia mifukoni ili akumbuke anachotafuta. Ilimpa BAFTA, tuzo kubwa ya Uingereza, na Emmy ya kimataifa mwaka 2020. Kama una mzazi ambaye ameanza kukuuliza swali moja mara tano, angalia ukiwa peke yako. Mimi niliangalia na mama yangu pembeni na katikati akaniuliza huyu bibi anatafuta nini, nikamwambia, baada ya dakika kumi akaniuliza tena, nikazima televisheni tukanywa chai.

Baada ya hapo The Great Escaper, ukitoka hapo nenda Sunday Bloody Sunday ya 1971, mwanamke na daktari mwanaume wanampenda kijana mmoja na wote wanajua, angalia anavosikiliza simu. Women in Love iwe ya nne, ina sehemu anacheza dansi mbele ya kundi la ng'ombe wenye mapembe marefu, na wakati wanarekodi hiyo filamu alikuwa mjamzito. Za kukwaruza achana nazo.

*

Anti, swali dogo tu. Oscar zake ziko wapi saivi? – Msichana wa darasa la sita, Kigoma

Za saivi mwanangu Anti hana hakika, ila naweza kukwambia zilikokaa mwanzo. Alimpa mama yake. Yule mama unakumbuka nimesema alifanya usafi kwenye nyumba za watu, basi kwake kitu kinachong'aa ni cha kusuguliwa, akawa anazisugua Oscar za binti yake kila mara kama anavyosugua vitasa vya milango, akazisugua, akazisugua, mpaka dhahabu yote ikatoka, ikabaki chuma cha chini.